Bibi Kwenye Trei ya Mikate

Mume wangu aliendesha gari la mikate tangu sijazaa mpaka nywele zikamwisha kichwani, na alipostaafu akalinunua lile gari kuukuu kutoka kwa tajiri wake. Wanaume wengine wakistaafu huacha kazi. Wangu alirudi nayo nyumbani, akaiegesha uani, chini ya kamba yangu ya kuanikia nguo. Mtaa mzima unamwita Mzee Mikate. Mimi namwita Mzee tu, na nikikasirika nina jina jingine ambalo ni la humu ndani.

"Mama watoto," aliniambia asubuhi moja, "hili tunaligeuza chumba. Kitanda nyuma, wewe umelala, mimi naendesha, tunakwenda kumwona mjukuu."

Nikamcheka, nikamwuliza kama na sebule itakuwemo. Halafu nikaingia jikoni nikalia kidogo, maana alikuwa amenigusa penyewe. Mgongo wangu ulipasuliwa, na tangu hapo siwezi kukaa kitako muda mrefu; kikao cha harusi tu kinanitoa jasho. Basi la kwenda kwa binti yetu ni la kutwa nzima. Binti mwenyewe ni muuguzi, na likizo kwake ni kitu anachokisikia kwa wenzake. Kwa hiyo mjukuu wangu, ambaye sasa anatembea na kuvunja vikombe, ananijua kwenye simu. Kwake bibi ni simu. Ukimwuliza bibi yuko wapi, anakwenda kuichukua mezani. Tukizungumza ananikodolea macho, anacheka, halafu anapitisha kidole kwenye kioo na mimi napotea. Nilikuwa naogopa, nasema kweli, kwamba nitakufa nikiwa bado simu.

"Kitanda nitakitengeneza mwenyewe," Mzee akasema.

"Wewe uliyeutengeneza mlango wa stoo kwa waya?"

"Haujafunguka mpaka leo."

"Ndiyo shida yenyewe, Mzee. Tafuta fundi."

Wa kwanza alikuwa mchomeleaji wa hapo njiani, mtu mwema, ila maisha yake yote ametengeneza nondo za madirisha. Tukamwambia tunataka dirisha la hewa na kitanda. Tuliporudi, dirisha lilikuwepo, na juu yake nondo nene kama kidole gumba, na nondo nyingine kwenye milango ya nyuma. Nikamwuliza kitanda kiko wapi. "Tuanze na usalama, mama," akanijibu. Jirani alipochungulia uani aliuliza ni nani amekamatwa.

Wa pili alikuwa seremala wa vitanda vya maharusi. Huyo hakutaka hata kuja kuliona gari. Kitanda ni kitanda, alisema, na watu wote hulala namna moja. Akakileta kimechongwa maua kichwani na njiwa wawili wanaobusiana. Hakikuingia. Wakakisimamisha, wakakilaza ubavu, wakakipindua miguu juu, njiwa wakapata mchubuko na bado hakikuingia. Mwishowe seremala akarudi nyuma, akalitazama gari kwa huruma. "Gari ndilo dogo," akasema. Nikamwona Mzee naye anaanza kuyakagua mabati ya gari kwa jicho la msumeno, nikawafukuza wote wawili. Kitanda hicho sasa ndicho tunacholalia ndani. Siwezi kusema nimewachukia wale njiwa.

Wifi yangu ndiye aliyenitajia mwanamke mmoja anayetengeneza makabati ya jikoni. Watu wanamwita Mama Droo, kwa sababu droo zake unazifunga kwa kidole kimoja. Tulimkuta kwenye karakana yake, vumbi la mbao mpaka kwenye kope, penseli imechomekwa kwenye kitambaa cha kichwa.

"Mimi sitengenezi magari," akasema.

"Na sisi hatutaki gari," nikamwambia. "Gari tunalo. Tena ndilo linalotusumbua."

Akacheka, na kwa sababu alicheka, akaja.

Alifungua milango ya nyuma akachungulia. Humo ndani, ukutani pande zote mbili, kuna reli za chuma toka sakafuni mpaka juu, zile ambazo trei za mikate zilikuwa zinateleza juu yake. "Hizi zing'olewe zote kwanza," Mama Droo akasema. Mzee akaenda akasimama mlangoni kama mtu aliyefikiwa na mgambo wa kubomoa nyumba.

"Hizi reli hazitoki."

"Mzee, una mkate gani uliobaki wa kupeleka?" nikamwuliza.

"Hazitoki," akasema tena, na safari hii sauti ilikuwa imeshuka. Nikaona hatanii. Mtu yule amekaa na reli zile muda mrefu kuliko aliokaa na mimi, na siku zote hizo hakurudi nyumbani bila mkate mkononi.

Mama Droo aliivuta trei moja iliyobaki humo, akairudisha. Ilikwenda bila sauti. Akaivuta tena.

"Nani alikuwa anazitunza?"

"Mimi. Grisi kila Jumapili. Hata baada ya kustaafu."

"Basi hazitoki," akasema. "Zile mbili za usawa wa kiuno zitabeba kitanda. Mama atakuwa trei."

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka, lakini nilielewa upesi: kitanda kitavutwa nje mpaka mlangoni, nitakaa ukingoni bila kupanda wala kuinama, nitajilaza, nitasukumwa ndani. Fundi akanilaza juu ya ubao pale pale uani ili achukue vipimo vyangu, akaniuliza mgongo unaumia wapi, godoro lipungue wapi, akaweka alama kwa penseli huku majirani wakituangalia juu ya ukuta. Nikawaambia waje nao wapimwe.

Kitanda kilipokamilika kilikuwa kitamu kukitazama. Kilibaki kitu kimoja tu. "Komeo bado," Mama Droo akasema. "Nitaleta kesho. Kabla ya komeo, mtu asilale hapa gari likitembea."

Mama Droo hajafika hata kona ya njia, Mzee akanigeukia. "Trei zangu hazijawahi kuwa na komeo, na sijawahi kuangusha mkate hata mmoja. Tujaribu kidogo?"

Ningekataa. Lakini nilikuwa nimeshamwona mjukuu wangu machoni, nikajilaza.

Kwenye tambarare tulikwenda raha mustarehe, nikaanza hata kusinzia. Tulipoanza kupanda kilima cha tangi la maji, kitanda kikaondoka na mimi. Nilirudi nyuma kwa kasi, miguu ikapiga milango, na mgongo ukaniuma mpaka nikaona giza. Kilichozuia nisitupwe barabarani ni zile nondo za mchomeleaji. Mzee akasimamisha gari, akaja amepauka midomo.

"Zamani zilikuwa zimejaa," alisema polepole, anaziangalia reli. "Trei na trei, zimebanana. Hazikuwa na pa kwenda."

"Na mimi niko peke yangu."

"Na wewe uko peke yako," akasema, akainamisha kichwa.

Nilimwambia siendi tena, wala asinitajie. Nikalala nimeelekea ukutani. Aliniletea chai, nikainywa bila asante. Hasira haikuwa kubwa kama hofu. Niliogopa kwamba huu mgongo ukiharibika mara ya pili, hata kusimama mlangoni kumngoja mjukuu sitaweza.

Mama Droo alikuja kesho yake na makomeo mawili, na alivyomgombeza Mzee kwa lile jaribio nilisikiliza dirishani kwa furaha kubwa. Makomeo yalipofungwa, Mzee alivua viatu, akapanda kitandani mwenyewe, akalala chali, mikono kifuani kama marehemu.

"Nipeleke kule kilimani," akamwambia Mama Droo. "Uniteremshe, unipandishe tena. Usinihurumie."

"Mzee, utaumia."

"Twende."

Wakaondoka. Nilibaki mlangoni nimeshika kiuno, na nakiri nilimwombea. Waliporudi, Mama Droo alifungua milango, akafyatua makomeo, akamvuta nje. Kofia ilikuwa usoni. Mtu aliyeendesha gari umri wake wote hajawahi kusafiri amelala. Alishuka, akafika hadi kwenye kamba yangu ya nguo, akatapika kando ya beseni. Kisha akafuta mdomo, akanitazama.

"Yameshika, mama watoto."

Nikaingia ndani kufungasha nguo.

Safari yenyewe ilikuwa njema, ila Mzee alikuwa anapunguza mwendo kwenye kila duka, na mbele ya mengine alipiga honi bila kujijua, wauzaji wakitoka kututazama. Nikamgongea ukuta nikamwambia leo mzigo ni mmoja. Mlimani nilishika kingo za kitanda kwa mikono yote miwili, nikasikia makomeo yanalia kidogo, na sikwenda popote.

Tulipofika kwa binti yetu, Mzee akapiga honi mbili, kama alivyopiga siku zote mikate ilipofika. Akaja nyuma, akafungua milango, akafyatua makomeo, akanivuta nje taratibu. Binti alitoka mbio na mtoto kiunoni, bado amevaa sare ya kazi, analia na kucheka.

"Bibi huyu hapa," akamwambia mtoto.

Mtoto akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kuelekea ndani ya nyumba, kwenye simu.

Nilitaka kunyoosha mikono nikajizuia, nikabaki nimelala ubavu, uso wangu usawa wa wake. Binti akamtua chini. Mtoto akasogea mpaka ukingoni, akakisukuma kitanda, kikatembea kidogo, akashangaa. Akakivuta, nikarudi. Ndipo akanitazama usoni, kwa muda mrefu, bila kucheka. Halafu akapitisha kidole shavuni mwangu, kutoka sikioni mpaka mdomoni, kama anavyofanya kwenye kioo, akangoja.

Nikangoja na mimi.

Akarudia. Akarudia tena kwa nguvu zaidi, nusura anitoboe jicho, akaona bado nipo. Akamgeukia mama yake na maneno yake machache.

"Bibi haendi," akasema.

Nilimshika ule mkono. Mzee akainama kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.