Zoraida na Kibali cha Kiyoyozi

Kiyoyozi cha Zoraida kilikata roho Jumamosi moja ya Agosti, watu wakiwa wamejaa sebuleni wakicheza dhumna. Kilikohoa, kikanguruma kama mzee aliyeamshwa usingizini, kikanyamaza. Sisi wa mji huu wa Hialeah tunaujua mwezi wa Agosti bila kiyoyozi: hata kuta hutoka jasho. Haukupita muda kila mtu akakumbuka ana shughuli kwake. Tukabaki mimi Migdalia, jirani wa ua wa pili, na Evelio, shemeji yake Zoraida.

Evelio ni mdogo wa marehemu Heriberto, mume wa Zoraida. Tangu kaka yake afariki alijipa cheo cha mwanamume wa nyumba ile, ingawa ana ya kwake mtaa wa nyuma. Rangi ya geti alichagua yeye. Mti wa parachichi aliukata bila kuuliza, akidai mizizi inanyemelea bafu. Zoraida, aliyeshona suruali kiwandani miaka na miaka huku wanaume wa nyumbani wakiamua kila kitu, aliguna tu, akaenda kuchemsha kahawa.

Evelio alilifungua boksi la nje la kiyoyozi, akachungulia, akatangaza kwamba huyu si mgonjwa tena, ni maiti. Kesho yake akaleta jipya, akalitua juu ya zege na kuanza kuunga nyaya. Zoraida aliuliza kama hakuna kibali kinachohitajika. Akajibiwa kwamba mtu akibadilisha feni haulizwi na yeyote, na hili nalo ni vilevile, kubwa kidogo tu.

Halikuwa vilevile. Jumatatu mkaguzi wa jiji alikuja kuangalia paa la nyumba ya mkabala, akageuza shingo, akaliona boksi linang'aa. Akabandika karatasi nyekundu mlangoni: kazi isimame. Evelio akawa ananitazama kwa jicho la pembeni, kana kwamba ni mimi niliyepiga simu. Mtu anayegonga nyundo huku akiimba, mtaa mzima ukimsikia, hahitaji mchongezi.

Zoraida akavaa gauni lake la kanisani, tukaenda ofisi ya vibali, Evelio akiwa mbele. Dada wa dirishani alimsikiliza kidogo, kisha akamwomba kwa upole ampishe mwenye nyumba. Akamweleza Zoraida kwamba kutengeneza kitu kidogo ni sawa, ila kubadilisha mtambo mzima kunataka kibali. Fundi mwenye leseni anaweza kukichukua. Au mwenye nyumba, kama anaishi humo, akichukue mwenyewe. Jamaa wa kumshika mkono bila malipo anaruhusiwa, lakini gesi ya kupoozea iachiwe fundi mwenye leseni, na kazi yote isimamiwe na mwenye kibali.

"Umenielewa, mama? Si jina la kuandika tu. Likiharibika jambo, tutakuuliza wewe."

Zoraida akamwomba arudie hapo pa kusimamia. Dada akarudia. Zoraida akatia sahihi polepole, kama mtu anayeonja mchuzi.

Evelio aliporudi na vifaa vyake, alimkuta shemeji yake ameshaweka kiti kando ya boksi, kofia kichwani.

"Haya, bosi," akamtania. "Naomba ruhusa nikohoe."

"Kohoa, shemeji. Ila waya usiguse mpaka nione mwenyewe kwamba umeme umezimwa."

Evelio alidhani ni mzaha. Alipoona hanyanyuki kitini, akaenda kuzima umeme. Siku hiyo Zoraida aliuliza kila kitu: bomba la maji linamwaga wapi, swichi ya nje ni ya nini. Alitaka pia boksi lifungwe kwenye zege kwa bolti, maana dada wa dirishani alisisitiza habari ya vimbunga. Evelio akacheka.

"Shemeji, hili zito kama ng'ombe. Kimbunga kikiweza kulibeba, wewe utakuwa umeshatua Havana."

"Nitatua na kibali changu mkononi. Funga bolti."

Evelio akasema atafunga. Hakufunga.

Mkaguzi aliyetumwa kuikagua kazi alikuwa bwana mmoja Mhaiti, Desrosiers, mtu wa maneno machache. Aliuliza msimamizi ni nani. Evelio alishafungua mdomo.

"Ni mimi," akasema Zoraida.

Bwana Desrosiers akaikagua swichi, akaridhika. Akakagua bomba, akaridhika. Kisha akalisukuma boksi kwa goti, nalo likateleza juu ya zege. Akatikisa kichwa, akaandika kwamba kazi haijapita. Evelio akaanza kumweleza habari ya ng'ombe.

"Ngoja, shemeji," Zoraida akamkata. "Kosa ni langu. Nilisema zifungwe, sikuhakikisha."

Angemfokea, Evelio angejua la kujibu. Kwa hili alikusanya vifaa vyake tu. Akaondoka bila kunywa kahawa.

Zoraida akaazima drili ya mume wangu. Tulitoboa zege wawili, vumbi likatugeuza wasaga unga. Tulikuwa tunabishana juu ya urefu wa bolti Evelio alipotokea kwenye uzio.

"Mtalipasua zege hilo."

"Kama umekuja kutabiri, kaa kivulini," Zoraida akamjibu bila kugeuka. "Kama umekuja kusaidia, shika hapa lisitikisike."

Evelio akaingia uani, akapiga magoti, akashika. Alinyoosha mkono apewe spana, hakupewa. Zoraida alizikaza bolti zote mwenyewe, akijiuma ulimi kama anayetunga uzi sindanoni.

"Heriberto angenicheka," Evelio akasema chini chini.

"Heriberto asingefunga hata moja."

Wakacheka, wakacheka mpaka Evelio akajifuta macho. Tangu mazishi sikuwa nimewasikia wakicheka pamoja.

Bwana Desrosiers alirudi, akasukuma kwa goti, akaweka na bega. Boksi halikusogea. Fundi wa gesi akamaliza sehemu yake, na jioni ile nyumba ikapoa hata nikaomba shali.

Mwezi uliofuata Zoraida alirudi kwenye lile dirisha la vibali. Alitaka ukuta wa jikoni utobolewe uwekwe dirisha upande wa mashariki, jambo aliloliwaza tangu alipohamia. Aliyempeleka kwa gari ni Evelio. Mara hii alimsubiri nje.