Kona ya Josho

Majaliwa alipotangaza kwamba anatafuta dereva wa gari lake la mashindano, nilicheka. Sikumcheka yeye, ingawa anastahili: mtu ametajirika kwa kununua dhahabu ya wachimbaji wa Mwakitolyo, kisha anaenda kumwaga lami porini nje ya Mhunze, kilomita mbili zenye kona kumi na mbili, barabara isiyofika popote. Niliwacheka waliodhani watanishinda.

Miaka kumi na sita naendesha mchomoko kati ya Shinyanga na Geita, gari la watu watano linalopakia tisa. Abiria wanaita jina la Mungu, mimi nabadili gia. Na kile kiti nilikitaka, sifichi. Nina miaka arobaini na mitatu na sijawahi hata siku moja kukimbia kwa raha zangu. Kila mara nyuma yangu kuna mtu anayewahi msiba.

Tulibaki watatu. Cornel, dereva wa lori la mgodini, alikuja na glavu nyeupe kama bwana harusi. Wa tatu alikuwa mwanamke, Noela, anayeendesha lori dogo la dagaa kutoka Nkome. Alivua kandambili zake akaziweka kando ya lami, miguu mitupu. Nikauliza kwa sauti kama tumekuja kushindana au kuanika dagaa. Watu wakacheka.

“Shikamoo, kaka Salmini,” akaniamkia, kana kwamba hakusikia.

Nikaitikia kwa kidevu.

Sharti lilikuwa moja: kila mtu mizunguko mitatu, unahesabiwa ule bora, na mwenye muda mfupi zaidi anapewa gari kwa msimu mzima. Cornel akatangulia. Aliendesha kama aliyebeba mayai ya mama mkwe: dakika moja na sekunde hamsini na nane. Akafuata Noela. Alikuwa anafunga breki mapema mno, gari likiwa bado limenyooka, mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Halafu akishaingia kwenye kona anakanyaga mafuta, ujinga mtupu. Dakika moja na sekunde arobaini na moja. Nikasema saa ni mbovu.

Ikaja zamu yangu, nikavaa helmeti moja tuliyokuwa tukipokezana. Ndani ya gari mlikuwa wazi kama ghala baada ya mnada: viti vya nyuma vimeng'olewa, zulia limetolewa, yamebaki mabomba ya chuma ya kumkinga dereva. Mzunguko wa kwanza nikalionja tu. Wa pili nikaamua kuwaonyesha.

Kona ya saba inapinda kulia kando ya josho la zamani la ng'ombe. Niliiingia kama ninavyoingia kona zote: kasi ileile, kisha breki katikati, gari likae chini, ligeuke. Halikukaa. Nyuma kulinyanyuka, kukateleza, kukanipita. Niliona josho, nikaona watu, nikaona josho tena. Gari likasimama limetazama nilikotoka.

“Ng'wanawane, mwanangu!” mzee mmoja mchunga ng'ombe akapiga kelele kutoka kwenye uzio. “Shinyanga ni kule!”

Mzunguko wa tatu nilikwenda kwa hasira, na hasira ikanifikisha palepale, safari hii hadi kwenye nyasi. Muda uliohesabika ukawa ule wa kuonja: dakika mbili na sekunde tatu. Hata Cornel na glavu zake alinishinda.

Niliporudi pa kuanzia, Majaliwa alipitisha mkono dirishani, akachomoa funguo, akamkabidhi Noela bila kunitupia jicho. Mimi nilikuwa bado nimeketi garini, nikitamani ardhi inimeze. Noela akaja akainama dirishani.

“Kaka, gari halina shida,” alisema taratibu. “Umezoea kuwa na watu nyuma. Watu wanashika mkia wa gari. Mimi nikishashusha dagaa Shinyanga, narudi Nkome tupu, kila wiki. Tupu ukifunga breki ndani ya kona, mkia unatangulia. Lilishanimwaga mtaroni mara mbili ndiyo nikajua.”

Nikatafuta neno la kumchoma. Nilikuwa nayo mengi, ya harufu ya dagaa, ya kandambili. Badala yake nikajikuta nahesabu kona nilizojisifia kwa miaka kumi na sita, zote na gari limejaa, likishikwa barabarani na watu walewale niliowatukana kwamba wananichelewesha.

“Naomba helmeti, kaka,” akasema Noela. “Bosi anataka nizunguke tena, wapige picha.”

Nikaivua, nikampa. Tangu asubuhi nilikuwa natafuta mtu wa kumdharau pale uwanjani. Nilishuka garini nikiwa nimempata.