Ubao wa Mkokoteni

Mchele alikuwa nao, na chumvi alikuwa nayo, maana hata mtu aliyelala kando ya barabara miaka kumi na mmoja anajua kwamba nyumba mpya haiingiwi mikono mitupu. Pilang alivifunga katika mifuko miwili, akavikumbatia tangu yeye na mumewe walipoondoka barabara ya Avenida asubuhi ile. Chumba kilikuwa juu ya duka la Salud, mtaa wa Sampaloc, Manila, chenye mlango wa bluu na dirisha moja. Kilichobaki kilikuwa kupanda ngazi tu.

Akapanda, huku akihesabu kama mama yake alivyomfundisha: neno la kipandio cha mwisho ndilo bahati ya nyumba. Dhahabu, fedha, kifo. Dhahabu, fedha, kifo. Dhahabu, fedha... Kipandio cha tisa, cha mwisho kabisa, kikaangukia kifo. Hakukikanyaga. Aligeuka, akashuka polepole, akaketi juu ya ndoo mbele ya duka.

"Hapana," akasema. "Hapa simleti mume wangu."

Marivic, binti wa shirika la kuwatafutia makazi watu wa barabarani, alishika kichwa. Miezi saba alikuwa amehangaikia wazee hawa wawili: vyeti vya kuzaliwa vilivyochukuliwa na mafuriko, wenye nyumba waliofunga milango wakisikia tu neno mkokoteni, nyumba yao ya magurudumu. Na chumba hiki kilikuwa na foleni. Mkataba usipotiwa saini kabla ya saa sita mchana, kingekwenda kwa mama mwenye mapacha, wa pili kwenye orodha.

"Mama, hebu hesabu na pale mlangoni. Si inakuwa kumi?"

"Pale ni sakafu, mwanangu. Sakafu haihesabiwi. Usinifanye mtoto."

"Mimi niko hapa miaka thelathini," Salud akadakia kutoka dukani, "na sijafa."

"Wewe unalala chini. Ngazi ni ya mpangaji. Mpangaji wako wa mwisho yuko wapi?"

"Alikwenda Cebu kuoa."

"Akarudi?"

Salud akajitia kupanga sabuni.

Ucheke ukitaka, lakini Pilang hakuwa akijiogopea yeye. Kifua cha Teroy, mumewe, kilikuwa kimeoza kwa baridi ya usiku, na daktari wa zahanati alikwisha kumwambia mama huyu, pembeni, kwamba mvua nyingine za nje mzee hatazimaliza. Chumba alikitaka kuliko mtu yeyote. Sasa huku barabara inamuua, na huku ngazi nayo inasema atakufa. Alilia bila kujificha, mchele mapajani.

Teroy mwenyewe alikuwa ng'ambo ya uchochoro, amekalia mkokoteni wake, naye ana ugomvi wake. Salud hakutaka mkokoteni uegeshwe pale, watu wasije wakakosa njia siku ya moto, na Teroy alikwisha kuapa wiki nzima kwamba mkokoteni ukikaa nje, naye anakaa nje. Aliuunda kwa mikono yake baada ya nyumba yao kuungua. Ubavuni aliandika PILANG kwa herufi nyekundu, kwa rangi aliyookota, na kwa herufi hizo alijulikana Avenida nzima.

"Anasemaje huyo?" akamuuliza Marivic.

Akaelezwa.

"Vipandio tisa? Aliolewa na mimi bila kunihesabu meno, leo anahesabu ngazi." Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akainama. Kisha akashika mkokoteni, akausukuma, akapinda kona bila kuaga.

Pilang alimwona akipotea. Alijua anarudi Avenida. Mzee mkaidi kama nini.

"Mpe chumba yule mwenye mapacha," akasema.

"Bado nusu saa, mama."

Wakakaa. Nyuma ya kona mtu alikuwa akigonga misumari, lakini Manila kuna mtu anagonga kitu wakati wote, hakuna aliyegeuka. Dakika zikakatika. Marivic akatoa simu kuita ofisini, akairudisha mfukoni, akaitoa tena.

Ndipo Teroy akatokea, kwa miguu, nyundo kiunoni. Begani alibeba kitu kama sanduku la mbao, fupi na pana, wazi upande mmoja. Akaliweka mwanzo wa ngazi, akalisukuma kwa mguu, halikutikisika.

"Haya, hesabu sasa."

Pilang alizitambua zile mbao kabla hajafika karibu. "Umevunja mkokoteni."

"Ulikwisha kuzeeka."

"Si ulisema..."

"Nilisema mengi. Twende, kifua kinanibana."

Pilang akainua mguu, akaurudisha. "Huu ndio ubao wa jina langu?"

"Ndio huo."

"Kwa hiyo unataka nijikanyage kila siku? Na paka wa Salud naye apite juu yangu?"

Teroy alishika magoti, akangoja pumzi irudi. "Jina nimeligeuzia ndani," akasema. "Chungulia. Nani nitamruhusu akukanyage?"

Pilang akapiga magoti kwenye uchochoro, akachungulia chini ya kile kipandio. Herufi zilikuwamo, nyekundu, zote sita. Alikaa vile muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma jina moja, kisha akainuka.

Akatangulia na mchele na chumvi, akahesabu kwa sauti, Marivic nyuma yake akihesabu pia. Cha kumi kilikuwa dhahabu. Akafungua mlango wa bluu, akaweka mifuko sakafuni, akageuka kumtazama mumewe.

Teroy alikuwa amesimama kwenye kipandio cha tisa, mkono ukutani, anahema.

"Niache nipumzike kidogo," akasema.

"Hapo si pa kupumzikia," Pilang akamwambia, akamshika mikono yote miwili, akamvuta juu.