Bega la Kushoto la Dada

Mtaa mzima huniita Mdomo. Mimi ni fundi cherehani, lakini utani wangu unajulikana kuliko mishono yangu. Ndiyo maana niliposema kweli, hakuna aliyenisikiliza.

Yalianza kwa mlinzi wa ghala, aliyekuja kushonesha koti. Nikapima bega, nikapima la pili. Sawasawa. Miaka ishirini na saba nimepima watu, sijaona mabega yasiyopishana.

"Wewe umetoka kiwandani?" nikamchokoza. "Binadamu bega moja hulala."

"Kwa kiasi gani?" akauliza bila kutabasamu.

"Nusu inchi. La kulia, kwa wengi."

Akashukuru. Zamani angenitukana mimi na cherehani yangu.

Wiki iliyofuata wakaja wateja sita. Wote bega la kulia limelala, wote nusu inchi, haizidi haipungui. Nikatelezesha kidole gumba shingoni, pale ukosi unapokaa. Hakuna mshipa uliodunda. Hawa hawakuwa watu wa dunia hii, na aliyewafunza kujificha ni mimi, kwa mdomo wangu huu.

Nikamwambia shemeji, mume wa dada yangu, kinyozi wa mlango wa pili. Akawageukia wateja wake.

"Mmesikia? Viumbe wametoka angani kuja kushonesha suruali kwa huyu."

"Wanachukua nafasi za watu, we kipara. Nani atashtuka? Mlevi akirudi hanywi, mkewe anashukuru Mungu."

"Basi wapitie na kwangu. Dada yako naye ana mdomo kama wako."

Nusura nimzabe kofi. Dada ndiye aliyenilea. Bega lake la kushoto lililala inchi nzima kwa kunibeba ubavuni, mimi kitinda mimba. Kila akija kupimwa huniambia, "Haya, pima ulichokiharibu, we mzigo."

Jumatatu shemeji akamleta dada. Akasimama mbele ya kioo, mikono chini.

"Naomba unipime, ndugu yangu," akasema kwa upole.

Nikampima mabega kwa futi. Bega la kushoto lilikuwa juu. La kulia limelala, nusu inchi. Nikagusa shingo. Kimya.

"Vipi, Mdomo?" Shemeji alikuwa ameegemea mlango. "Kuna tofauti?"

Sauti yake haikuwa na kejeli hata chembe. Wote wawili wananitazama, hawapepesi macho. Utani ukanijaa kinywani hadi meno yakauma. Neno moja tu, na kesho wangelaza la kushoto inchi nzima. Dada yangu mwenyewe akirudi, nisingekuwa na cha kumtambulia.

"Hakuna," nikasema. "Vilevile kama zamani."

Nikamshonea gauni kwa vipimo vya dada vilivyo katika daftari la zamani. Sasa anapita mtaani, gauni limemvuta begani, limejikunja mgongoni, na majirani wanasema fundi kaishiwa macho. Waseme. Siku nikimwona ambaye gauni lile limemkaa sawasawa, huyo ndiye nitakayemkimbilia, anitukane anavyotaka.