Mwanangu Hang'olewi Langoni

Asubuhi ya kumi na tatu tangu aanze shule, mlinzi wa shule alimng'oa Chiriku mikononi mwa mama yake kama kawaida, kidole kimoja kimoja. Mtoto alipiga ukelele, kengele ikalia juu ya kichwa chake, naye akajiziba masikio na kuanguka chini. Mama yake, fundi cherehani, alitakiwa ageuke aende zake. Ndivyo mwalimu mkuu alivyoamuru: "Mkabidhi, geuka, ondoka. Atalia wee, mwisho atazoea."

Chiriku alikuwa na miaka mitano. Baba yake ndiye aliyempa jina hilo kwa utani, maana maneno yake yalikuwa ya kuhesabu. Daktari alishasema ana usonji: makelele humuumiza, na jambo la ghafla humvuruga siku nzima. Tangu aanze shule, hata yale maneno machache yalikauka.

Jioni hiyo wifi yake fundi, aliyekuwa akiishi nao, alimwambia, "Wifi, unamdekeza. Samaki mkunje angali mbichi."

"Binti yangu si samaki," fundi akajibu bila kuinua macho kwenye mshono. "Na wa kumkunja bado hajazaliwa."

Kesho yake walifika nusu saa kabla ya kengele, lango likiwa kimya. Fundi alimpita mlinzi, akaingia darasani, akaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakikaribia kugusa kidevu. Akatoa sketi ya mteja na sindano, akaanza kupinda. Chiriku akaketi sakafuni, mgongo kauegemeza kwenye mguu wa mama yake.

Mwalimu mkuu akaja mbio. "Mama, wazazi mwisho langoni. Hii ni sheria."

"Naijua. Siifuati."

"Nitamwita mlinzi."

"Mwite. Anikokote mimi, watoto wa watu wakitazama."

Mwalimu wa darasa, msichana mwenye mwezi mmoja tu kazini, akainua mkono kama mwanafunzi. "Mwalimu, mimi hanisumbui," akasema. "Tena leo ndiyo mara ya kwanza mtoto huyu hajalia."

Mwalimu mkuu akaondoka akinung'unika.

Siku nne fundi alishona humo humo. Juma la pili akahamia barazani, mlango wazi. Kila alipoondoka aliaga, hakutoroka: "Mama anakwenda kazini. Mkimaliza kuchora, narudi." Na akarudi, hata siku mteja mmoja alipokasirika akamhama. Mwalimu naye akampa Chiriku kazi ya kumwagilia mche wa dirishani kabla wenzake hawajaingia. Kuna siku alilia, na fundi akarudi kukaa. Hakuona haya.

Juma la sita, Chiriku alisimama mlangoni, akamsukuma mama yake kwa viganja viwili.

"Mama kazini," akasema.

Fundi alifika kona ya barabara ndipo akasimama. Akaegemea ukuta, huku analia, huku anacheka.

Mchana mwalimu mkuu alimpokea kwa tabasamu. "Si nilikuambia atazoea?"

"Hakuzoea kung'olewa, mwalimu. Mliacha kumng'oa." Fundi akamshika bintiye mkono. "Na yule mtoto wa dereva wa lori, anayelia kila siku pale nje? Nimeshaongea na baba yake. Kesho anaingia naye darasani. Mkitaka kumzuia, mtaanza na mimi."