Vipimo vya Raïssa

Saa tatu asubuhi Gaju alifungua simu, akasoma ujumbe wa kwanza kwa sauti: "Kifua tisini na mbili, kiuno sabini na nne, nyonga mia na sita. Ile ya kijani." Raïssa alivua sweta, akaingia nyuma ya pazia. Alipotoka, nyonga zake zilikuwa mia na sita. Gaju alizungusha futi ya fundi ili kuhakikisha, kisha akapiga video, Raïssa akiwa amesimama, halafu amekaa kitini. Gauni lilibana makwapani. Mteja alitazama, akaomba saizi inayofuata.

Chumba hicho kilikuwa mtaa wa Rebero, nyuma ya nyumba ya Gaju. Hakikuwa na kibao mlangoni, maana duka lenyewe lilikuwa kwenye simu. Wateja walikuwa wameshaumia. Walikuwa wamenunua kwa picha za wasichana wa nchi nyingine, wakaletewa vitambaa vyepesi kama chandarua na mikono isiyolingana. Wakajifunza. Sasa waliuliza sentimita, waliomba kuona mshono wa ndani, walitaka video ya mtu halisi. Gaju akamtafuta mtu halisi.

Mwezi wa kwanza wa kazi Raïssa alivaa nguo akiwa na mwili wake. Mwezi wa pili mteja mmoja alilalamika kwamba yeye si mwembamba hivyo. Gaju akamsomea Raïssa namba za yule mama, na Raïssa, ambaye hakujua kuwakatalia watu, akanenepa. Tangu siku hiyo hakuna nguo iliyorudishwa.

Jioni alirudi nyumbani Busanza na mwili wa mteja wa mwisho. Aimable, dereva wa pikipiki aliyempeleka, alikuwa amezoea.

"Sha, leo umemvaa nani? Pikipiki inalia."

"Mama mmoja wa Masaka."

"Basi kesho uje na mwembamba, mlima ule unaniua."

Mwezi wa sita dada yake, Liliane, alipata mchumba. Siku ya gusaba, yaani posa, familia ya bwana harusi ikija kumwomba, wasichana watano wa nyumbani wangeingia na vikapu vya agaseke kichwani, wamevaa sare. Raïssa alikuwa wa tano. Hakuwahi kutembea mbele za watu bila kutazama chini, lakini hilo alilitaka. Alifanya mazoezi uani na sufuria kichwani.

Liliane aliagiza sare mtandaoni, na aliagiza kwa akili. Alisoma maoni ya walionunua, akauliza aina ya kitambaa, akakusanya vipimo vya kila msichana. Vya Raïssa tu ndivyo vilivyokosekana.

"None se, kwani si unapimwa kila siku?"

"Napimwa vya watu."

"Angalia kwa bosi wako."

Katika simu ya Gaju kulikuwa na wanawake mia nne, kila mmoja na kifua chake, kiuno chake na nyonga zake. Raïssa hakuwemo. Hakuwahi kununua kitu.

Mama yao, Pudentienne, alikuwa akiwavisha watoto wake tangu walipoishi Bujumbura bila futi. Sokoni alikuwa akichukua sketi, akimzungushia mtoto ukanda wake shingoni, na ikifika shingo, basi inafika kiuno. Alijaribu hivyo kwa Raïssa. Lakini shingo nayo ilikuwa ya mteja. Akanyanyua mikono miwili hewani.

"Ulikuwa hivi. Hapana, subiri. Hivi."

Kila alipoonyesha, nafasi kati ya mikono ilibadilika. Mwishowe Liliane alipima nafasi ya tatu, akaituma kwa muuzaji.

Raïssa alihitaji siku tatu kupata sauti ya kumwambia Gaju.

"Dada Gaju, Jumamosi ni gusaba ya Liliane. Ijumaa naomba usinisomee namba. Labda mwili utarudi wenyewe."

Gaju hakuinua macho. "Ijumaa, wateja wakitafuta nguo za harusi za wikendi? Halafu ukirudi kwenye mwili wako, Jumatatu nikuanzie wapi?" Kisha akacheka, bila ubaya. "Wewe una bahati, shenge. Wenzako wanashinda na njaa ili wapungue kilo mbili."

Ijumaa alasiri Gaju alisoma namba za mwisho: kifua mia na nane, kiuno tisini na sita, nyonga mia na kumi na nane.

Jumamosi zipu ya sare iliishia katikati ya mgongo. Liliane alivuta, Béatha wa jirani akavuta, wakaacha. Liliane hakugomba. "Kaa na mashangazi," alisema, akampa Béatha kikapu. Raïssa alijifunga kitenge juu ya sare iliyo wazi, akaketi nyuma.

Wageni waliingia. Miongoni mwao alikuwa Peace, binamu ya bwana harusi, mwenye nyonga za mia na kumi na nane. Aliona umbo lake mwenyewe kwenye kiti cha plastiki, akalijua mara moja, akalifuata.

"Ni wewe wa ile video?"

"Ndiyo, madam."

"Simama. Geuka kidogo."

Raïssa aligeuka. Peace alimzunguka taratibu, akabana nyama ya kiuno kwa vidole viwili.

"Kumbe nyuma niko hivi. Ile nyekundu sitaki, nipeni nyeusi." Alipiga picha, akamtumia Gaju hapo hapo. "Siku hizi lazima uone kabla ya kununua," aliwaambia mashangazi. Wakakubali kwamba ni kweli.

Pudentienne alipita na Fanta. Alikuwa amesalimia watu mia mbili na miguu ilikuwa imemvimba. Aliona wanawake wawili wa umbo moja wamesimama pamoja, na bila kutazama nyuso akampa Peace chupa, akampa na mwingine.

"Karibuni, wageni wetu."

Raïssa alipokea kwa mikono miwili, kama mgeni anavyopokea, akashukuru.

Ngoma ikalia. Wasichana wakaingia na vikapu, shingo zimenyooka. Msemaji wa familia aliwahesabu kwa sauti hadi watano, akasema wametimia.