Mahali pa Josie

Bendera ya Brynn ilipaa, ikajizungusha hewani, kitambaa chake cha zambarau kikapiga upepo kama shuka lililoanikwa, kisha ikashuka pale pale ambapo mikono ya Josie ingalikuwapo. Hapakuwa na mikono. Ufito ulipiga sakafu kwa kishindo kilichosikika hadi viti vya juu, ukadunda, ukatulia. Wasichana wengine hawakugeuza hata shingo. Waliendelea kucheza wakilizunguka lile pengo, nyuso zimeinuliwa kama walivyofundishwa, naye Brynn akacheza mikono mitupu mpaka wimbo ulipokwisha.

Hilo lilikuwa onyesho la kwanza la msimu wa mashindano, mwezi wa Februari. Wifi yangu Marlys, mama yake Josie, hakungoja liishe. Aliinuka, akakanyaga miguu ya watu safu nzima bila kuomba radhi, akatoka. Nilimkuta kwenye maegesho, theluji inamwangukia kichwani, funguo ziko mkononi na mlango wa gari umemshinda kufungua.

"Wamemwangusha tena," aliniambia. "Umeona, Verla? Mbele ya watu. Wamemgeuza mwanangu kitu cha kuwaliza majaji."

Bendera zile nilizishona mimi, na rangi ile ya zambarau niliichagua na Josie mwenyewe, tukizozana dukani hadi muuzaji akatuacha na majora yake akaenda kunywa kahawa. Mtoto wa kaka yangu alikuwa mbishi kama baba yake. Nilichukua funguo, nikamrudisha Marlys nyumbani, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwenye onyesho lolote.

Watu wasiojua hudhani kikosi cha bendera ni pambo la bendi ya shule, wasichana wa kupunga vitambaa wakati wa mpira. Waje siku moja waone. Bendi ikishafunga ala zake baada ya msimu wa mpira, wale wasichana huingia ndani ya ukumbi wa michezo, wakatandaza turubai lao la kijivu, wakarusha fito na bunduki za mbao majira yote ya baridi mpaka viganja vikaota sugu. Na kila jioni, wanapodhani wamemaliza, Mwalimu Pruitt husema, "Tena mara moja." Haikuwa kweli hata siku moja. Ilikuwa tena mara nne, tena mara tano. Josie alikuwa akimwigiza mezani kwetu siku za Jumapili. Ukimpitishia bakuli la viazi akakuta limepungua, anakurudishia, anakaza midomo kama mwalimu wake, anasema, "Tena mara moja!" Kaka yangu Glenn alikuwa anacheka hadi anakohoa.

Jioni moja ya Januari, kabla ya onyesho lile, mvua ilikuwa ikinyesha tangu mchana. Mazoezi yalikuwa yameisha, isipokuwa mrusho mmoja, ule wa Brynn kumrushia Josie bendera juu ya vichwa vya wenzao, ulikuwa umekataa. Mwalimu akasema neno lake. Walirudia, na ile mara ya mwisho Josie aliidaka, ukumbi mzima ukapiga kelele. Wakachukua mabegi wakatoka. Kumbe katika dakika zile mvua ilikuwa imeanza kuganda barabarani. Kwenye daraja lililo karibu na ghala la mahindi, gari la Josie liliteleza likatumbukia mtoni, naye hakutoka hai.

Basi ndivyo Marlys alivyoishi tangu hapo, na neno moja kooni kama mwiba wa samaki. Hakuilaumu barafu wala daraja. Mwalimu Pruitt alipompigia simu mwezi wa Mei kumwalika kwenye sherehe ya tuzo za kumaliza msimu, mimi nilidhani atamkatia. Alimjibu kwa upole ulionitisha, akaweka simu chini, akanitazama.

"Nitakwenda," alisema. "Na nitamuuliza mbele ya wazazi wote alisema nini jioni ile. Nataka walisikie kinywani mwake. Kisha sitaki kumwona tena maishani mwangu."

"Wifi, mbele ya watoto?"

"Mwanangu naye alikuwa mtoto."

Glenn alikuwa safarini na lori lake, huko Nebraska, na nadhani safari ile aliitafuta mwenyewe. Kaka yangu huomboleza kwa kukimbia. Kwa hiyo nilikwenda mimi, Jumapili alasiri, na sufuria ya tambi za kuku mapajani, huku Marlys akiendesha gari kwa mwendo wa mtu apelekaye kesi mahakamani.

Ukumbi ulikuwa umepangwa meza upande mmoja, na upande wa pili turubai lilikuwa limetandazwa kwa mara ya mwisho. Kila nyumba ilileta chungu chake. Watu walijipakulia tambi juu ya viazi vya kuponda kama tunavyofanya huku Indiana, wakala, wakatuepuka kwa adabu. Marlys hakutia kitu mdomoni. Alikalia ncha ya kiti, mkoba umekumbatiwa.

Tuzo zilianza na zile za mzaha, kama ada. Msichana aliyepata alama nyingi za bluu mikononi na miguuni alitawazwa Malkia wa Michubuko, akapewa mfuko wa njegere zilizogandishwa ajikandie. Mwingine aliyemaliza tepu yote ya kikosi kwa kufunga ufito wake alipewa kibiringo kitupu kilichopakwa rangi ya dhahabu. Watu walicheka, lakini cheko lao lilikuwa fupi, kila mmoja akilikata na kutupia jicho upande wetu. Kikombe hapakuwa na hata kimoja cha kuonyesha. Msimu ule walishika mkia karibu kila walikokwenda.

Kisha Mwalimu Pruitt alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Ni mwanamke mfupi, mkakamavu, ambaye sauti yake huwa haihitaji kipaza sauti. Siku hiyo ilihitaji.

"Tuzo ya mwanakikosi wa mwaka huchaguliwa na wasichana wenyewe," alisema. "Mwaka huu hawakubishana." Aliinua kisanduku cha kioo kilichokuwa na jozi ya glovu nyeusi zisizo na vidole. Za Josie. "Namwomba Mama Josie."

Marlys alikwenda. Nilisikia visigino vyake sakafuni mpaka mbele. Hakugusa kisanduku. Alinyoosha mkono kwenye kipaza sauti, na mwalimu akampa.

"Nina swali moja," Marlys alisema. "Jioni ile walipokuwa wamemaliza, ulisema nini?"

Mtu mmoja aliweka uma chini. Mwalimu Pruitt angeweza kusema mengi. Angesema si hapa, si leo, hata mimi ningemwelewa. Alisimama wima kama mmoja wa wanafunzi wake.

"Nilisema, tena mara moja."

"Walikuwa wamechoka?"

"Walikuwa wamechoka."

"Na mvua uliiona?"

"Niliiona. Nilidhani ni mvua tu." Akakikumbatia kisanduku. "Sijalisema tena neno hilo, Mama Josie. Si kwamba linasaidia kitu. Nakuambia tu."

Nilimwonea huruma yule mwanamke, na papo hapo nikajichukia, maana niliona kama nimemsaliti wifi yangu. Marlys alibaki amesimama. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo, la mtu asiyejitetea. Alirudisha kipaza sauti, akaacha kisanduku mikononi mwa mwalimu, akarudi kuketi.

"Nilidhani nikishalisikia nitapumua," aliniambia kwa sauti ya chini. "Mbona sipumui, Verla?"

Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi kama njegere zile.

Kikosi chetu kina desturi moja ya kufunga msimu. Wasichana wa mwaka wa mwisho humshika mkono mzazi mmoja mmoja, wakamsimamisha juu ya turubai mahali pa binti yake, kisha kikosi kizima hucheza onyesho lao kwa mara ya mwisho kikiwazunguka wazazi. Akina baba husimama mikono mfukoni wakiogopa kutikisika, akina mama hulia. Josie alikuwa wa mwaka wa mwisho. Nilikuwa nimesahau jambo hilo, au nilijisahaulisha, na nilipoona wasichana wameanza kutawanyika kuwafuata wazazi wao, nilivuta koti langu.

"Twende zetu, wifi. Umesema ulilokuja kusema."

Lakini Brynn alikuwa ameshafika. Alikuwa amempeleka baba yake mahali pake, sasa amesimama mbele ya meza yetu na nywele zimebanwa kichwani kwa mafuta, mtoto mrefu mwembamba mwenye macho yaliyovimba.

"Mama Josie, twende."

"Mimi sina mtoto kwenye kikosi, Brynn."

"Unaye." Alisema kama anayetaja jina la mji. "Josie alikuwa wa kati. Sisi wote tunajipimia kwake. Mtu akitaka kujua yuko mbali kiasi gani au karibu kiasi gani, anaangalia kwa Josie. Hata sasa."

Marlys alimgeukia. "Kwa nini ulikuwa unairusha ile bendera? Ulijua hakuna mtu."

"Mwalimu aliniambia niishike. Kila onyesho kabla hatujaingia ananiambia, ishike, mwanangu, usiirushe. Namwambia sawa. Tukifika pale, mikono inarusha yenyewe." Akaificha mikono nyuma ya mgongo. "Nimewapotezea wenzangu alama msimu mzima. Hakuna aliyenisema."

"Mimi nilidhani mnataka majaji walie."

"Majaji hawalii, Mama Josie. Wanakata alama."

Sijui kilichotokea usoni mwa Marlys. Hakikuwa kicheko, ila kilipita njia ambayo kicheko hupita. Aliuweka mkoba wake mapajani mwangu, akainuka. Brynn alimpa mkono, wakatembea pamoja hadi katikati ya turubai, kwenye alama ndogo ya tepu nyeupe iliyochakaa kwa nyayo za Josie. Nilimsikia Marlys akimwambia kitu, na Brynn akatikisa kichwa kukataa. Marlys akakirudia. Safari hii Brynn aliitikia.

Wimbo ulianza. Mwalimu Pruitt alikuwa ukutani kwenye mashine ya muziki, kisanduku cha kioo miguuni pake.

Nimelitazama onyesho lile tangu likiwa michoro ya penseli, na siku zote nimelitazama kutoka vitini. Ukiwa vitini unaona pengo, basi. Siku hiyo Marlys alikuwa ndani yake, nami nilimwangalia yeye, na kwa kumwangalia yeye niliona nisichowahi kuona. Kila msichana aliyempita alimtupia jicho. Lilikuwa jicho la haraka la mtu anayepima nafasi, halafu akapita, akaja mwingine naye akatazama. Hawakumtazama Marlys kwa sababu ya sherehe. Ndivyo walivyokuwa wakipatazama mahali pale msimu mzima, ingawa hapakuwa na mtu, na hatua zao zikapata kipimo. Marlys alianza kugeuka akiyafuata yale macho, taratibu, mkono mmoja kifuani. Vitambaa vya zambarau vilimpita juu ya kichwa na upepo wake ukamvuruga nywele. Hakuzirekebisha.

Ndipo nikajua alichomwomba Brynn, kwa sababu wasichana wa katikati waliinama na kuacha njia wazi, naye Marlys akafumbua vidole kama anayeachia mkoba ambao hakuwa nao, akainua mikono.

Nilitaka kupiga kelele. Ule ni ufito wenye chuma ncha zote mbili, na wifi yangu ni karani wa benki mwenye miaka hamsini. Brynn aliirusha. Bendera ilipaa, ikajizungusha, ikashuka vizuri kabisa, mtoto yule hakuwahi kurusha vizuri kama siku hiyo. Ilimgonga Marlys kiganjani, ikamponyoka, ikapiga sakafu.

Kishindo kilikuwa kile kile cha Februari. Mwalimu Pruitt alizima muziki. Wasichana walisimama kila mmoja alipo, na hakuna aliyekimbilia kuuokota ufito, kwa kuwa kikosini kitu kilichoanguka huokotwa na aliyepaswa kukidaka. Baba yake Brynn alitoa mikono mfukoni, akairudisha.

Marlys alikitazama kiganja chake kilichoanza kuwa chekundu. Kisha aliinama, akauokota ufito, akakikung'uta kitambaa vumbi kwa namna ambayo mama hulikung'uta gauni la mtoto, akatembea nao hadi kwa Brynn. Akaurudisha mikononi mwake. Alirudi kwenye alama ya tepu nyeupe, akatanua miguu kidogo, akakaza midomo. Uso ule niliujua. Niliuona kila Jumapili juu ya bakuli la viazi.

"Tena mara moja," alisema.

Alilisema kwa sauti ya kufika ukutani. Mwalimu Pruitt alitugeuzia mgongo, akajifuta uso kwa kiganja, juu mpaka chini. Kisha akainamia mashine, akaurudisha wimbo nyuma.